Godoro la Nyar Takawiri

Mimi ndiye niliyebeba godoro la Risper. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Muhuru Bay wana midomo, na ni afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine. Nilijitwika kichwani saa nne asubuhi, jua likiwaka, nikapita nalo ufuoni mbele ya kila mtu, na mwenyewe akinifuata nyuma. Jina langu ni Kezia. Nitawaeleza yote, lakini mtu asinikatize.

Risper tunamwita Nyar Takawiri, binti wa Takawiri, maana kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka. Alizaliwa kisiwani kule, upande wa Homa Bay, akaolewa huku Migori akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe Job aliugua ini akafa, akamwachia mabinti wawili, nyumba ya mabati, na godoro la inchi nane. Godoro hilo Job alilinunua Migori mjini mwaka wake wa mwisho, akauza baiskeli ili alipate. Alisema mwanamke anayeinama kutwa kugeuza omena anastahili mahali pazuri pa kulaza mgongo. Mimi wangu hajawahi hata kuuliza kama nina mgongo.

Kazi yetu hapa ni omena, dagaa wa ziwani. Mashua zikifika alfajiri tunanunua kwa karai, tunazianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, tunazigeuza mpaka zikauke, tunatia kwenye magunia. Ubaya wake ni mchanga. Upepo ukivuma kidogo tu, mchanga uko ndani. Na mnunuzi wetu mkubwa, Habon, mama Msomali mwenye duka la jumla Migori mjini, hana mchezo na mchanga. Yeye kabla hajashika mizani anachukua omena tatu, anazitia mdomoni, anatafuna polepole huku anakutazama. Mchanga ukilia kwenye meno, anatema kwenye leso na kusema, "Hii ni chakula ya kuku, dada." Basi bei inaanguka nusu.

Siku moja Risper akamuuliza, "Na nikikuletea zisizo na mchanga hata punje?"

"Wallahi, niletee gunia kumi kila wiki, nitakulipa bei ya watu. Na sitamnunulia mwingine."

Risper alirudi kutoka Migori anaimba. Nawaambia anaimba, mtu ambaye hata kanisani anafungua mdomo nusu.

Ili omena zikauke bila mchanga zinataka vichanja, meza ndefu zenye wavu wa chuma zinazosimama kiunoni. Na bahati ikawa kama imesikia, kwa sababu mwezi uleule tukaitwa kwenye baraza kuambiwa kwamba pesa za umma zimetengwa, milioni tatu na laki mbili, kujenga vichanja arobaini hapa ufuoni. Nguzo za mti uliotiwa dawa. Waya mpya. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukapewa soda na nusu mkate, tukatia sahihi kwamba wananchi wameshirikishwa. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha. Aliyesimamia yote alikuwa Elkana, mwenyekiti wa ufuo, na kampuni iliyopata tenda ilikuwa ya mpwa wake. Hilo tulilijua sote. Tulinyamaza, kwa sababu ndiyo desturi yetu hapa, mtu akikupa soda unanyamaza.

Risper akakopa elfu themanini. Alitaka siku vichanja vikisimama awe na omena za kutosha gunia kumi za Habon. Sasa nieleze mkopo wetu ulivyo, maana hapo ndipo ujanja ulipo. Kampuni ya mikopo haimkopeshi mtu, inakopesha chama. Tuko wanawake kumi na wanane, mimi ni mwandishi, na kila mmoja ni dhamana ya mwenzake. Tunakutana Alhamisi. Ukikosa kulipa Alhamisi tatu mfululizo, sheria ya chama, ambayo umeitia sahihi mwenyewe, inasema wenzako watakuja nyumbani kwako wabebe chochote wauze mpaka deni litoshe. Nyangau, afisa wa kampuni, anakaa pembeni na mkoba wake magotini. Hagusi hata kijiko, wanaobeba ni marafiki zako.

Vichanja vikajengwa. Nguzo zilikuwa za mti mbichi, bado zinatoa utomvu. Na waya hatukuuona. Walifunga nyavu za kuvulia, zilezile za bluu tunazotandaza chini, eti kwa muda.

"Waya unakuja," Elkana akasema. Wakakata utepe, wakapiga picha, wakala mbuzi.

Siku ya nne Risper akaanika omena zake zote. Jumapili tukiwa kanisani mvua ikashuka, nyavu zikajaa maji, nguzo zikalegea, vichanja ishirini na vitatu vikalala chini kwa mkupuo. Tulipofika tulikuta korongo wanakula, mbuzi wanakanyaga, na omena zimekuwa uji. Harufu ile ilikaa wiki mbili. Risper hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Elkana akamuuliza waya uko wapi.

"Mvua ni ya Mungu, Nyar Takawiri," Elkana akamjibu. "Nenda ukamshitaki Mungu."

Alhamisi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Tukaenda. Yawa, mimi nilikula kwa huyo mwanamke mara ngapi? Alinishikia mtoto nilipokuwa hospitali Oyugis. Lakini kama hatungebeba, deni lingegawanywa kwetu, na mimi nilikuwa na karo ya shule shingoni. Wengine walichukua sufuria, kuku, meza, redio. Godoro nikaachiwa mimi kwa sababu nina kichwa kipana, walisema. Nilitembea nalo likining'inia mbele na nyuma, kiraka chake cha kitambaa cha maua mbele ya macho yangu, natazama miguu yangu tu. Risper alikuwa nyuma yangu. Hakunitukana, ambayo ingekuwa nafuu. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Inua juu, Kezia. Likigusa chini litaingia mchanga."

Tuliuzia vitu palepale ufuoni. Elkana alikuwa amesimama na kijiti mdomoni, anachokoa meno. Mkewe akalipenda godoro, akalinunua kwa elfu moja na mia tano, eti la mama mkwe. Godoro la baiskeli nzima! Na Elkana, shetani yule, akamgeukia Risper mbele ya watu akasema, "Pole, mama. Kulala chini hakuui mtu."

Watu walicheka. Nisidanganye, wengine wetu tulicheka pia, kwa woga, maana Elkana ndiye anayeamua nani anunue kwenye mashua gani. Risper alimtazama mpaka kicheko kikaisha. Jioni alikuja kwangu kuomba chumvi, akaniambia, "Lile godoro litarudi kwangu. Na Elkana atalibeba kichwani kwa njia uliyopita wewe." Niliona huzuni imempanda kichwani, nikampa chumvi na pakiti ya majani ya chai.

Miaka miwili alilala kwenye magunia. Watoto aliwatafutia kagodoro, yeye hapana. Nilimwambia, Nyar Takawiri, sasa una hela kidogo, nunua hata la inchi nne. Akasema ana lake, liko kwa mtu. Alifanya kibarua cha kugeuza omena za wengine, kiuno kikamkatika, akalipa salio lote la mkopo mpaka senti, na kila Alhamisi alikuja kwenye chama akaketi mstari wa mbele. Sikuelewa. Ningekuwa mimi, ningewatukana wote na kuhama.

"Nikitoka kwenye chama, Elkana nitampatia wapi?" akanijibu.

Nikadhani anaropoka, maana Elkana hakuwa mwanachama.

Mwaka huu ikaja hela nyingine, ya mfuko wa serikali wa vikundi vya akina mama. Laki nne kwanza, na kundi likilipa vizuri, laki nne nyingine. Riba ndogo. Tukakubaliana kwamba hiyo awamu ya pili tutajengea vichanja vyetu wenyewe, tusingoje mtu. Shida ni kwamba maombi yalitaka muhuri wa mwenyekiti wa ufuo. Tukampelekea fomu. Elkana akaikalia siku tisa, kisha akasema muhuri upo, ila na yeye aandikwe mwanachama. Sheria ya mfuko inaruhusu wanaume wachache. Alitaka laki moja na nusu ya injini ya mashua.

Tulikasirika, tukatukana, tukasema afadhali tukose. Ndipo Risper akasimama. Mtu ambaye hakuwa amesema neno kwenye kikao kwa miaka miwili.

"Mwandikeni," akasema.

"Wewe? Wewe ndiye unasema hivyo?" nikamuuliza.

"Mwandikeni. Atie sahihi kama sisi."

Elkana akaja Alhamisi, suti na viatu vyeupe. Nikafungua daftari la sheria. Risper mwenyewe akampa kalamu. "Soma kwanza, Mwenyekiti," akamwambia, kwa heshima kabisa, kichwa ameinamisha.

"Nisome nini? Sheria za akina mama?" Akacheka, sisi tukacheka naye, akatia sahihi kubwa yenye mkia. Alikuwa ameona tunabebeana vitu miaka na miaka, mkewe ananunua, na haikumwingia akilini kwamba jambo hilo linaweza kumpata mwanaume. Aliona ni mchezo wa wanawake, kama kusukana nywele.

Hela ikaja, akachukua laki yake moja na nusu, akalipa Alhamisi moja tu. Baada ya hapo Alhamisi ikifika simu imezimwa, au yuko Sori, au yuko kwenye mazishi. Kila wiki Risper alikuwa akiuliza kwa upole, "Kezia, soma jina la Mwenyekiti." Nasoma. Hayupo. "Andika." Naandika. Alhamisi ya tatu aliniuliza hivyo, nikaandika, nikainua macho nikamwona anatabasamu. Hapo ndipo nikaelewa.

Na wiki hiyohiyo ikaja barua ya mfuko: kundi lisipokamilisha malipo ya wote kufikia mwisho wa mwezi, awamu ya pili imefutwa. Yaani vichanja hakuna tena. Wengine wakaanza kusema tumchangie Elkana, tumalize, tusigombane na mkubwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, nakiri. Risper akageuka akanitazama.

"Mimi mlinichangia?"

Nikafunga daftari, habari ya kuchanga ikaishia hapo.

Kesho yake asubuhi tukaenda, wanawake wote kumi na wanane. Elkana alikuwa amesafiri Migori. Mkewe alitoka akajishika kiuno mlangoni. "Mnaota, au mmekunywa?"

"Kezia, soma," Risper akasema.

Nikasoma. Nilianza polepole, kisha sauti ikanoga, nikawa nasoma kama padri. Nikamwonyesha sahihi yenye mkia. Mwanamke akatazama daftari, akamtazama Risper, na nafikiri alikumbuka mwenyewe alivyosimama ufuoni anahesabu elfu moja na mia tano. Hangeweza kutuambia si halali. Akasogea pembeni.

Tulibeba! Wacha niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikaona haya. Tulibeba makochi, vitanda na magodoro yake, televisheni, jiko la gesi, kabati la vyombo na vyombo vyake. Nilibeba ile suti yenyewe kwenye hanga. Halafu mmoja wetu akaita kutoka nyuma ya nyumba, kelele hasa, tukadhani ameumwa na nyoka. Kulikuwa na kibanda cha kuku, kirefu, kizuri, kuku mia mbili ndani. Kimezungushiwa waya mpya wa chuma. Na ukutani zimeegemezwa mizingo sita ya waya ambayo haijafunguliwa, mmoja bado umefungwa karatasi iliyoandikwa: VICHANJA, MUHURU BAY.

Mvua ya Mungu! Sisi tulikula mchanga miaka miwili, na kuku wa Elkana wanaishi ndani ya vichanja vyetu. Nilipiga ukuta teke nikaumia kidole, na sijutii. Risper aliishika ile karatasi muda mrefu, akaikunja vizuri, akaiweka kifuani. Mizingo sita tukaipandisha mkokoteni. Waya wa kibandani tukaubandua pia, kuku wakatawanyika uwanjani.

Kisha tukaingia chumba cha mwisho.

Mama yake Elkana alikuwa amelala pale, Dani Penina, yaani Bibi Penina, mzee wa miaka themanini na kitu, miguu imevimba. Kalala kwenye godoro la Risper. Nililitambua upesi kuliko mtu yeyote, kile kiraka cha kitambaa cha maua kilikuwa mbele ya macho yangu njia nzima siku ile. Wote tukasimama. Mmoja akaninong'oneza tumwache bibi, inatosha, tumeshapata vya kutosha deni.

Ilikuwa kweli. Deni lilikuwa limetosha.

"Dani," Risper akasema, "hili godoro ni langu. Alininunulia Job."

Bibi akamwangalia. "Nilijua lina mwenyewe," akasema. "Niliwauliza limetoka wapi, wakaniambia dukani. Dukani wanauza lenye kiraka? Chukua chako, nyathina, mwanangu. Nimelala chini kabla Elkana hajazaliwa."

Nilitegemea Risper alainike. Mimi nilishalainika, machozi yalikuwa tayari puani. Lakini yeye aliinama, akamshika bibi mgongoni na chini ya magoti, akamweka taratibu kwenye mkeka, akamfunika shuka, akampangia mto. Alifanya kila kitu kwa upole. Kisha akalikunja godoro, akajitwika mwenyewe, akatoka. Hakutaka nimsaidie. Njiani nilimwambia, Risper, huyo bibi hajakukosea kitu. Akasema, "Najua. Mwanawe pia anajua."

Elkana alirudi jioni akakuta nyumba inatoa mwangwi. Alikuja kwetu na maneno ya polisi, ya kesi, ya kufunga ufuo. Risper akatoa ile karatasi kifuani, akamsomea maneno matatu yaliyoandikwa, akamuuliza polisi wa kituo gani anawataka, twende naye. Elkana akarudi kwake.

Asubuhi ya pili yake alikuja tena, peke yake, bila viatu vyeupe. Nilikuwepo, namkamulia Risper ndimu kwenye chai. Akasimama nje ya mlango.

"Nyar Takawiri. Mama yangu amelala chini siku mbili. Duka la magodoro hapa limefungwa, mwenyewe amesafiri. Mguu umezidi. Nakuomba."

"Umeomba nini, Mwenyekiti?"

"Godoro. Nitalilipa."

"Siuzi." Akanywa chai. "Nampa Dani, bure. Liko pale, limekunjwa tayari."

Elkana akatoa simu amwite kijana wa pikipiki.

"Hapana," Risper akasema. "Kichwani. Kichwani pako wewe. Na usipite juu barabarani, pita ufuoni."

Ilikuwa saa nne. Saa nne wanawake wote wako ufuoni wanaanika, wavuvi wanashona nyavu, wanunuzi wamekuja na magari yao, na siku hiyo hata Habon alikuwepo. Elkana aliiona hiyo saa usoni mwa Risper. Akasema, "Huwezi kunifanyia hivi. Mimi ni mwanaume, nina watoto."

"Basi mwache alale chini. Si unajua hakuui mtu?"

Aliondoka. Tukakaa. Chai yangu ikapoa, nikawaza sasa bibi wa watu atafia kwenye mkeka kwa sababu ya kisasi, na mimi nimo. Nilifungua mdomo nimwambie Risper tumpelekee mimi na yeye. Akanikatiza: "Kezia, wewe ulibeba. Ulikufa?"



Robo saa haikufika, Elkana akarudi. Aliinama, akalinyanyua, likamshinda, likampindukia usoni, hajui kulipata katikati. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Mimi ndiye niliyemtengenezea kata kwa kitambaa changu nikamwekea utosini. Akatoka nalo.

Ufuo ulinyamaza. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kusikia ufuo huu kimya saa nne. Wanawake waliacha kugeuza omena. Wavuvi waliinua vichwa. Hakuna aliyecheka, na nadhani Elkana angelipa laki nzima wacheke. Godoro lilikuwa linaning'inia mbele na nyuma, haoni anapokanyaga, anatazama miguu yake tu. Tulipofika penye nguzo za vile vichanja vilivyoanguka alijikwaa, mkono ukalegea, ncha ya nyuma ikashuka.

Risper alikuwa nyuma yake, hatua mbili. Hakupaza sauti.

"Inua juu, Mwenyekiti," akasema. "Likigusa chini litaingia mchanga."